Saa ya ukutani ibaki Lindi: zawadi za kuwapelekea wanunuzi wa ufuta China

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfanyabiashara wa ufuta hapa Lindi. Kwa misimu mitatu nimewauzia wanunuzi wa Qingdao, China, na mwezi Septemba wamenialika nikaone ghala na kiwanda chao. Nitakutana na mkurugenzi, mke wake ambaye ndiye anayeshika fedha, meneja wa ununuzi, na binti mkalimani ninayechati naye kila siku. Wameniambia siku moja atakuwepo pia bwana mmoja wa maabara ya serikali inayopima mizigo. Nimetenga dola 300 za zawadi. Kaka yangu anasema nichukue saa nne za ukutani zenye ramani ya Tanzania, kila mtu yake. Mama anasema vinyago. Mume wangu anasema niachane na mapambo, niweke bahasha. Halafu mimi ni Mwislamu, sinywi, na nasikia kule mezani ni pombe tupu. Nishike lipi?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na kaka yako, maana huyo ndiye anayekaribia kukuharibia safari.

Kichina kina silabi chache kuliko maana zake. Sauti moja hubeba vitu chungu nzima, tofauti ikiwa kwenye toni na maandishi tu, kwa hiyo Mchina husikia jina la kitu kabla hata hajakitazama. Saa ya ukutani au ya mezani inaitwa zhong. Kumzawadia mtu saa ni song zhong. Na song zhong, kwa sauti ileile kabisa, ni kukaa na mzazi anapokata roho na kumsindikiza kaburini. Sasa zidisha kwa nne. Nne ni si, kufa ni si, toni tu ndiyo inayozitenganisha. (Sisi kwetu si ni kukana. Laiti kaka yako angelichukua kwa maana ya Kiswahili.) Yapo majengo kule utapanda lifti ukute namba imeruka kutoka 3 kwenda 5. Wewe ndiye ungeingia mlangoni na vifo vinne vimefungwa kwa utepe.

Niliwahi kuliona hili kwa macho yangu. Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam niliyekuwa nikimkalimania huko Guangzhou alitoa saa nzuri ya mbao mbele ya watu kumi, bila kuniambia kabla. Mwenyeji, mzee wa miaka sitini na kitu, alitabasamu, akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini. Kisha akapapasa mfukoni, akatoa sarafu ya yuan moja na kuiweka kiganjani mwa yule mgeni. Wetu akacheka, akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mzee aliinunua ile saa, ili isiwe amepewa. Ndiyo dawa yao ya siku nyingi, na ni uungwana mkubwa, kwa sababu angeweza kununa. Ikikutokea umeteleza, na mkalimani akakunong'oneza habari ya sarafu, ipokee kwa furaha na usiulize kwa nini.

Mwavuli ni san, na san ni kutawanyika. Peari ni li, na li ni kuachana. Viatu, hasa kwa watu wa kusini wanaosema Kikantoni, vinatoa sauti ya mtu anayeguna kwa masikitiko. Kisu na mkasi vinakata, hicho hata Mswahili anakielewa bila kufundishwa. Leso za mkononi zinakwenda na machozi ya msiba. Maua meupe au ya manjano ya aina ya krisanthemamu ni ya makaburini. Na kofia ya kijani, tafadhali, hata kama ni ya timu yako: kule kumvalisha mwanaume kofia ya kijani ni kumwambia mkewe anatoka nje ya ndoa. Saa ya mkononi, kwa upande mwingine, haina neno. Jina lake ni biao, sauti tofauti, na wanapeana kila siku.

Usilichukulie hili kama ushirikina wa watu wa mbali. Bibi zetu wa pwani nao hawakukubali kutaja sindano usiku, na ukienda dukani baada ya magharibi ulitafuta jina jingine. Vijana wa Shanghai na Shenzhen wengi watacheka wakiona umesoma miiko yote hii. Ila mkurugenzi wako hana hakika kama mama yake mzazi, anayekaa naye nyumbani, atacheka.

Lakini miiko ndiyo sehemu nyepesi ya jambo lenyewe. Mkalimani mzuri anaweza kukuokoa nayo kwa ujumbe mmoja wa WeChat, ule mtandao wao wa kuchati, kabla hujapanda ndege: mwandikie sasa hivi, mwambie unafikiria hiki na hiki, umwombe akwambie ukweli. Jambo zito ni ukubwa wa zawadi, na hapo ndipo mume wako anakosea zaidi kuliko kaka yako.

Kule zawadi ni deni la heshima. Wana msemo wa kale kwamba adabu hupenda kwenda na kurudi: ukinipa, nitakupa, na kamba kati yetu inazidi kusukwa. Kwa hiyo zawadi nzuri ni ile ambayo aliyepewa anaweza kuirudisha bila kuumia, kwa chakula cha jioni, kwa boksi la majani ya chai, kwa kukupeleka ufukweni Jumapili. Ukitoa ndogo mno umemwambia hana thamani. Ukitoa kubwa mno umemfunga, na mtu aliyefungwa huanza kukukimbia. Nilikwenda na mama mmoja aliyempa meneja wa ununuzi pete ya tanzanaiti, kwa nia njema kabisa. Jiwe linachimbwa Mererani peke yake duniani, alitaka kujivunia nchi yake. Asubuhi yake pete ilirudi hotelini ndani ya bahasha, imeletwa na katibu, na barua fupi ya kushukuru. Kuanzia siku hiyo meneja yule alijibu ujumbe kwa neno moja moja. Hakuwa amechukia. Aliogopa.

Ana sababu ya kuogopa. Tangu mwishoni mwa 2012, Xi Jinping aliposhika chama tawala na kutoa zile kanuni nane za kubana anasa, zawadi zimekuwa zikitazamwa kwa jicho la pembeni. Mwaka 2013 hata keki za mwezi, ambazo watu wamepeana kwa karne na karne, maofisa walipigwa marufuku kuzinunua kwa fedha za umma. Na sheria yao ya jinai haiishii serikalini: mfanyakazi wa kampuni binafsi anayepokea kitu kikubwa ili ampendelee muuzaji anaweza kufungwa, na aliyetoa naye pia. Huku nyumbani nako kuna Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, ambayo haimgusi mtumishi wa umma peke yake.

Kwa hiyo bahasha, hapana. Mkono mtupu haulambwi, ni kweli, lakini mkono wenye bahasha unashikwa. Mwambie mume wako hivyo kwa upole.

Na yule bwana wa maabara, usimpe kitu. Si kahawa, si korosho, si kalamu. Yeye ndiye atakayeandika kwenye karatasi kwamba ufuta wako ni safi au si safi, na zawadi yoyote ile, hata ya shilingi elfu tano, itaifanya karatasi hiyo iwe na doa siku mtu akija kuuliza. Msalimie kwa mikono miwili, mpe kadi yako ya biashara, kunywa naye chai waliyoiandaa wenyeji. Zawadi za wengine zitoe siku ambayo yeye hayupo, ili asitazame wenzake wakipokea huku yeye amekaa. Hilo la mwisho watu husahau, na ndilo linaloumiza.

Sasa tuje kwenye dola zako 300. Forodha ya China humruhusu mgeni kuacha nchini vitu vya thamani isiyozidi yuan 2,000 bila ushuru. Kwa viwango vya siku hizi dola 300 zinavuka mstari huo kidogo. Tumia 200, au 250 ukizidi sana, na uweke risiti zote kwenye mkoba wa mkononi. Zinazobaki utanunulia karatasi na mifuko ya zawadi kulekule, kwa sababu usifunge kitu kabla ya safari: wakaguzi wa uwanjani watakichana, na utafika na matambara. Duka lolote la Qingdao lina mifuko myekundu na ya dhahabu. Achana na myeupe na myeusi.

Zawadi kubwa iwe moja, ya kampuni kwa kampuni, na umpe mkurugenzi mbele ya wote. Hapa mimi nina upendeleo wangu na sitauficha: mpelekee twiga.

Si mzima, usiogope. Mwaka 1414 mfalme wa China wa ukoo wa Ming aliyeitwa Yongle aliletewa twiga kutoka kwa mtawala wa Bengal, na mwaka uliofuata ujumbe wa Malindi, hapa pwani yetu, ukampelekea mwingine. Wakati huo merikebu za amiri Zheng He zilikuwa zikivuka Bahari ya Hindi. Watu wa kasri walipomwona mnyama yule mpole, mwenye madoa na shingo ndefu, walisema huyu ni qilin, mnyama wa hadithi zao anayetokea tu wakati nchi ina mfalme mwema. Walimchora, na mchoro ule wa 1414 unajulikana hadi leo. Kwa maneno mengine, zawadi ya mteja wa Kichina watu wa pwani walishaipatia miaka 600 iliyopita, na ilifanya kazi. Sijui kwa nini kila mtu anakwenda na simba.

Nunua mchoro wa Tingatinga wa twiga, wa turubai, uukunje ndani ya bomba la kadibodi. Kioo na fremu acha, vitavunjika, na fremu wataweka wenyewe wakipenda. Twiga wawe wawili, sita au wanane. Wawili kwa sababu kule jambo jema huja kwa jozi. Sita kwa sababu liu inasikika kama mambo kwenda laini. Wanane kwa sababu ba inakaribiana na neno la kutajirika. Hesabu vizuri, wachoraji wetu hupenda kumficha mtoto nyuma ya mti, unafika huko unakuta ni wanne. Rangi ya nyuma iwe nyekundu, ya machungwa au ya manjano. Bundi asiwepo popote kwenye picha, maana kwao kama kwetu bundi si wa heri. Halafu uwe na la kusema: kwamba Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa Tunduru, kusini kama wewe, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao, na akafariki 1972 akiwa ameacha wanafunzi wanaoendelea mpaka leo. Mchina anathamini kitu chenye asili na chenye mwalimu. Picha isiyo na habari ni picha tu.

Mke wake mpe khanga. Na hapa una bahati ambayo wengi hawaioni: khanga yetu inauzwa kwa doti, mbili pamoja, na tayari umeshatimiza ile jozi wanayoipenda bila kujisumbua. Ningechagua kisutu kwa wekundu wake. Kwetu ni khanga ya harusi, kwao nyekundu ndiyo rangi ya harusi, mtaelewana bila mkalimani. Ukichagua nyingine, soma jina lake mara mbili. Unajua wewe kuliko mimi kwamba khanga nusu ni mafumbo ya kumchoma jirani, na yule mama akiifungua atakuuliza maandishi yanasema nini. Chukua yenye maneno unayoweza kuyatafsiri ukiwa umemtazama machoni. Kata, pinda pindo, uzikunje pamoja, na akizifungua mwenyewe umwonyeshe namna ya kujifunga. Hiyo dakika ya kucheka pamoja uso kwa uso ina thamani kuliko kitambaa.

Ila geuza pindoni uangalie imetengenezwa wapi. Khanga na vitenge vingi vinavyouzwa mitaani vinachapwa hukohuko China, na mashuka ya Kimasai na shanga nazo usiziamini kwa macho. Hakuna aibu kama kuvuka bahari uje umrudishie mtu bidhaa ya kiwanda cha jirani yake.

Meneja wa ununuzi ndiye wa kuangalia kwa makini, kwa sababu yeye ndiye anayeamua bei yako. Apate kitu kidogo kuliko cha bosi wake, cha wazi, mezani, mbele ya bosi wake. Kahawa inafaa sana. Miji ya China siku hizi imejaa watu wa kahawa, na arabika ya Kilimanjaro iliyokaangwa vizuri, nusu kilo, ina jina la mlima wanaoujua tangu shuleni. Uliza kwanza kama nyumbani ana mashine ya kusagia. Kama hana, chukua iliyosagwa. Chai usipeleke. Hata iwe nzuri kiasi gani, ni kumpelekea Mpemba karafuu.

Binti mkalimani ndiye anayebeba biashara yako kwenye simu yake kila siku, na wageni wengi humsahau. Mpe kipochi kilichoshonwa kwa kitenge cha nyumbani, au hereni, vitu vya msichana wa rika lake, na umpe faraghani, si pale mezani. Kikitolewa mezani kitapimwa na cha bosi, naye ndiye atakayeona haya.

Halafu korosho za ofisi nzima. Umetoka Lindi, mdogo wangu, ukienda bila korosho watu watashangaa. Zilizokaangwa, zilizofungwa kiwandani kwenye pakiti zisizopitisha hewa, pakiti nane. Ukitaka kuwafurahisha zaidi ongeza kashata za ufuta. Shandong, mkoa ulipo mji wa Qingdao, wana peremende zao za ufuta, na watu wanaonunua ufuta wako kwa tani na tani watapenda kuonja kile ambacho mkulima mwenyewe anafanya nao jikoni.

Ufuta mbichi, hata kisado cha sampuli, usiweke kwenye begi. Mbegu zimo kwenye orodha ya vitu ambavyo China imekataza msafiri kubeba, pamoja na matunda na mboga mbichi, nyama mbichi au iliyopikwa, maziwa, siagi na jibini. Utamweleza ofisa wa karantini kwamba huo ni ufuta wa kukamua, si wa kupanda, naye atakusikiliza kwa adabu na kuuchukua. Sampuli zina njia yake, wanunuzi wako wanaijua.

Sasa vinyago vya mama. Sikatai moja kwa moja, kwa sababu Wachina wanapenda miti migumu yenye rangi nzito, na mpingo uliosuguliwa vizuri wataushika kwa heshima. Lakini kinyago cha shetani, kile chenye jicho tumboni na mdomo mgongoni, usimpelekee mtu nyumbani kwake. Wewe unajua ni sanaa ya Wamakonde, yeye ataona jini limeingia sebuleni. Barakoa vilevile. Kama mama anasisitiza, chukua kidogo cha mtindo wa ujamaa, watu waliobebana ukoo mzima, na umweleze kwamba ni babu na wajukuu. Hapo umegusa jambo wanaloliheshimu. Mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu 2017, hivyo kiwe kitu kidogo kilichokwisha kuchongwa, chenye risiti ya duka, na ukipita ofisi ya TFS, wakala wa misitu, kuuliza kabla ya safari hutapoteza kitu. Pembe, bangili za manyoya ya tembo, magamba ya kasa, kobe, usisogelee. China yenyewe ilifunga biashara ya pembe za ndovu ndani ya nchi mwisho wa 2017, na mtu akikwambia wanazipenda, anakuongoza gerezani.

Na usiokote kigae Kilwa. Najua umewahi kukiona kikiwa kimelala mchangani, kipande cha kaure cha buluu na nyeupe, na unafikiri hii ndiyo ingekuwa zawadi ya maana, kumrudishia Mchina kaure yake. Ni mali ya kale, hairuhusiwi. Piga picha. Ukiwa mezani mwonyeshe kwenye simu, umwambie mkoa ninaouzia ufuta ndio uliokuwa ukinunua sahani za babu zako. Sijapata kumwona Mchina aliyeonyeshwa picha hiyo asiinuke kwenye kiti.

Kuhusu meza. Unakwenda Shandong, mkoa aliozaliwa Confucius, mwanafalsafa wao wa kale, na watu wa huko wanakaa mezani kwa taratibu kuliko Wachina wengine wote niliokula nao. Mwenyeji mkuu atakaa akitazama mlango. Mgeni mkuu, yaani wewe, utaketishwa mkono wake wa kulia. Usikimbilie kiti, ngoja uonyeshwe, ukatae kidogo, kisha ukae. Pombe kali ya kwao na bia ya Qingdao, ambayo kiwanda chake kilianzishwa mwaka 1903, vitaletwa. La kukataa liseme mapema, kabla ya glasi ya kwanza kumiminwa, kupitia mkalimani, na sababu iwe dini. Hapo hakuna atakayekusukuma. Ukianza na kionjo ukajaribu kuacha katikati, ndipo vita vitakapoanza. Neno la chakula cha Waislamu ni qingzhen, na China ina Waislamu wake wa siku nyingi, hivyo si jambo geni. Mwambie mkalimani siku mbili kabla, wakutafutie mkahawa unaofaa. Wakati wa kutakiana heri inua kikombe chako cha chai kwa mikono miwili, na ukigonganisha na mkurugenzi, ukingo wa kikombe chako uwe chini kidogo ya wake. Atakiona. Wote watakiona.

Zawadi itoe mwishoni mwa chakula au mwishoni mwa kikao, kamwe si kabla ya mazungumzo ya bei. Kwa mikono miwili, ukiwa umesimama, ukianza na mkubwa. Atakataa. Atasema haikuwa lazima, umejisumbua bure. Hilo ni adabu, usirudishe mkono. Mbembeleze tena, mara mbili au tatu, umwambie ni kitu kidogo cha kwetu. Akikataa kwa mara ya nne huku uso umebadilika, basi ana sababu zake za kazi, iache, na usimlaumu. Akipokea, ataweka pembeni bila kufungua. Usimwambie fungua tuone. Nani kwetu anafungua zawadi mbele ya mgeni? Hapo huna la kujifunza.

Nao watakupa. Ukienda Septemba utakuwa karibu na sikukuu ya katikati ya vuli, inayoangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na karibu hakika utapewa boksi zuri la keki za mwezi. Kataa kidogo, kisha pokea. Wewe kama Mwislamu mwulize mkalimani akusomee yaliyomo, kwa kuwa nyingine hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Zikiwa hivyo wape majirani wa hotelini, usiwaambie wenyeji. Acha nafasi kwenye begi, na panga kuondoka kabla ya tarehe 1 Oktoba: wiki hiyo ni ya sikukuu ya taifa, ofisi zinafungwa na tiketi zinakwisha.

Mwaka Mpya wao unaangukia kati ya Januari 21 na Februari 20. Wakati huo tuma hongbao kwenye WeChat, ile bahasha nyekundu ya simu, kwa binti mkalimani, yuan 66 au 88. Hiyo ni bahasha isiyo na ubaya, kwa sababu ni ndogo na ni ya msimu. Ya meneja, hapana hata siku hiyo. Yeye mtumie salamu.

Limebaki jambo moja, na halitakugharimu kitu. Weka kadi ndani ya mfuko wa mkurugenzi, iliyoandikwa kwa wino mweusi au wa buluu. Jina la mtu kwa wino mwekundu kule ni la marehemu. Andika salamu zako kwa Kiswahili, kwa mkono wako, na chini yake unakili herufi hizi: 芝麻开花节节高. Husomwa zhima kaihua jiejie gao. Ni msemo wao wa kila siku wa kumtakia mtu maisha yapande mwaka hadi mwaka, na maneno yenyewe yanasema kwamba ufuta unapotoa maua, pingili kwa pingili, unazidi kwenda juu. Wewe umeuona ukifanya hivyo shambani. Yeye amekuwa akiusema tangu utotoni, na huenda hajawahi kuuona mmea wenyewe ukichanua. Kama una picha ya shamba la Lindi likiwa na maua, ibandike nyuma ya kadi.